Kupiga picha za majengo ili kulinganisha miji miwili: Dar es Salaam na Mji Mkongwe wa Unguja

Ukisimama Kivukoni, Dar es Salaam, ukapiga mnara wa vioo kwa lenzi pana saa sita mchana, kisha kesho yake ukavuka bahari ukapiga mlango wa kuchonga pale Shangani, Unguja, kwa lenzi ya kuvuta jua likizama, picha zote mbili zaweza kupendeza na zisilinganishe kitu. Anayezitazama ataona tofauti ya lenzi na ya saa, na ataidhani ni tofauti ya miji. Kazi hii inataka kitu kimoja tu kibadilike, nacho ni mji. Lenzi, kimo cha kamera, pembe ya jua na rangi vibaki vilevile. Pale visipoweza kubaki, iandikwe kwa nini.

Miji hii miwili imetenganishwa na kilomita 70 na ushei za bahari, na boti za kasi huvuka kwa muda wa karibu saa mbili. Unaweza kuifanyia kazi yote miwili katika siku moja yenye hali moja ya hewa, jambo ambalo wapiga picha wa miji mingine hulipata kwa shida.

Anza na swali, kamera baadaye

"Dar na Zanzibar" si swali. Utarudi na picha mia tatu na hutajua uziweke wapi. Chagua jambo moja ambalo kila jengo katika miji hii hulazimika kulijibu. Kwa pwani hii swali zuri kuliko yote ni joto: jengo linajikingaje na jua?

Nyumba ya Mji Mkongwe hujibu kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, madirisha ya mbao yenye vibao vya kupitisha upepo, na vichochoro vyembamba ambamo nyumba moja huitilia nyingine kivuli. Majengo ya Dar ya miaka ya 1950 na 1960 hujibu kwa zege: vibaraza virefu, mapezi ya kuzuia jua mbele ya madirisha, kuta za matofali ya matundu. Minara ya karibuni hujibu kwa vioo vilivyofungwa na viyoyozi. Swali hilo moja tayari limekupa kitu cha kutafuta kila kona.

Tahadhari: usiifanye Unguja iwe "ya kale" na Dar iwe "ya kisasa". Dar ina Kanisa la Azania Front lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, na nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi zenye mwaka wa ujenzi ulioandikwa juu ya paji la jengo. Unguja nayo ina majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Ukiyaacha haya umeshajibu swali kabla ya kulifanyia kazi.

Panga jozi

Jozi ni majengo mawili, moja kila mji, yanayofanya kazi moja. Jozi nane zinatosha kwa safari ya siku nne. Kila jengo lipigwe mara tatu: zima kutoka mbali, sehemu moja (mlango, dirisha, ngazi, kona), na ukuta kwa karibu ukiwa na rula ya sentimita 30 ndani ya fremu. Nane mara tatu mara mbili ni picha 48. Ukipata zaidi ya hapo, bado hizo 48 ndizo kazi.

Jozi iliyo bora kuliko zote imetolewa na historia yenyewe. Kila mji una Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. La Unguja lilijengwa na wamisionari wa Kifaransa kati ya 1893 na 1898, nalo lina minara miwili. La Dar lilijengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, lina mnara mmoja wenye ncha. Jina moja, dini moja, miaka inayokaribiana. Kilichobaki ni mji. La Dar limekaa mbele ya bandari na huonekana lote. La Unguja limezingirwa na nyumba, na minara yake huonekana vizuri zaidi kutoka juu ya mapaa kuliko kutoka mlangoni pake. Usihangaike kuyafanya yafanane. Kuzingirwa kwa lile na uwazi wa hili ndiyo habari yenyewe.

Jozi nyingine zinazofaa: mlango wa kuchonga na lango la jengo la ofisi, baraza ya mawe mbele ya nyumba na kibaraza cha duka, dirisha la vibao na ukuta wa matundu, kichochoro na barabara ya Samora, Michenzani na majengo ya ghorofa ya Upanga.

Kanuni ambazo hazivunjwi kati ya mji na mji

Lenzi moja. Kwa kamera ya sensa kamili (sensa ni kile kipande kinachonasa mwanga) tumia 24 mm, kwa sensa ndogo 16 mm. Kwa simu tumia kamera kuu iliyoandikwa 1x, ambayo kwa simu nyingi ni sawa na 24 hadi 26 mm. Usiguse ile ya 0.5x: inavuta pembe za fremu na kuta za pembeni huonekana pana kuliko zilivyo, nawe unalinganisha upana.

Kamera iwe mita 1.5 kutoka ardhini kila mara. Tia alama kwenye mguu wa stendi.

Tundu la lenzi f/8, unyeti wa sensa ISO 100, kamera juu ya stendi. Ukipita f/16 picha huanza kupoteza ukali kwa sababu ya namna mwanga unavyopinda kwenye tundu dogo, hata kama lenzi ni ya bei kubwa.

Rangi: zima mizani ya rangi ya kujiendesha yenyewe. Hii ndiyo huharibu kazi nyingi kimyakimya. Kamera ikiona ukuta wa chokaa uliozeeka, wenye manjano kidogo, huudhania ni kosa na kuufanya mweupe wa karatasi. Ikiona vioo vya bluu huvitia joto kidogo. Matokeo yake miji miwili yenye rangi tofauti kabisa hutoka na rangi zinazokaribiana. Weka 5300K (kipimo cha rangi ya mwanga) kwa picha zote za mchana, hifadhi kwa faili za RAW, yaani zisizochakatwa na kamera, na kila mahali piga fremu moja yenye kadi ya kijivu, utakayoitumia kusawazisha rangi.

Kipimo cha mwanga: ukuta mweupe ukijaza fremu, kamera huupiga ukawa wa kijivu, kwa hiyo ongeza kati ya 0.7 na 1 stopu (kuongeza stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili). Jengo la vioo linaloakisi mbingu hutaka kupunguzwa 0.3. Angalia histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, na usiridhike na skrini, maana chini ya jua la pwani skrini hudanganya.

Hesabu ya umbali

Nguzo na kuta zikionekana kuangukiana juu, sababu ni moja: kamera iliinamishwa nyuma. Iweke mlalo kamili, tumia gridi na kipimausawa kilichomo ndani yake, kisha rudi nyuma hadi jengo liingie. Urudi kiasi gani? Fremu ikiwa wima:

Kwa 24 mm: kimo cha jengo, toa 1.5, zidisha kwa 1.33.
Kwa simu ya 26 mm: kimo cha jengo, toa 1.5, zidisha kwa 1.5.

Nyumba ya mita 12 hutaka mita 14 kwa kamera, karibu 16 kwa simu. Mnara wa mita 150, kama ile ya ghorofa 35 iliyo karibu na bandari ya Dar, hutaka karibu mita 200 kwa kamera na zaidi ya 220 kwa simu. Ongeza sehemu ya kumi ili mbingu ionekane juu ya paa. Nusu ya chini ya picha itajaa lami. Hiyo utaikata baadaye. Kukata lami hakubadilishi umbo la jengo, kuinamisha kamera hubadilisha.

Sasa ingia kichochoroni. Upana ni mita 3, umeegemea ukuta wa upande wa pili. Kamera ya 24 mm ikiwa mlalo itaona mita 2.25 tu juu ya kimo chake, yaani utaishia mita 3.75 na ghorofa ya juu hutaiona kabisa. Hakuna ufundi wa kulishinda hilo ukiwa umesimama pale. Njia zilizopo ni hizi. Tafuta mahali vichochoro vinapokutana, au uwanja mdogo, upate mita chache za nyongeza. Au piga fremu tatu hadi nne kwa kupanda wima, kila moja ikirudia theluthi ya iliyotangulia, uziunge kwenye programu. Inafaa kwa kumbukumbu, ila kingo za juu hutawanyika, kwa hiyo usiilinganishe na picha ya fremu moja. Au, na hii ndiyo njia tunayoipendekeza, acha kuupiga ukuta, piga kichochoro kwa urefu wake ukisimama katikati. Kisha fanya vivyo hivyo Samora kwa lenzi ileile, ukisimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, mtu wa pili akikutazamia magari. Picha mbili za namna hii zinaonyesha uwiano wa kimo na upana, na huo unaeleza mji kuliko uso wa jengo lolote.

Pima upana kwa futi ya kamba au kipimo cha leza. Kichochoro cha mita 2 chenye kuta za mita 12 ni moja kwa sita. Andika namba hiyo palepale.

Jua la hapa

Miji yote miwili iko kati ya nyuzi 6 na 7 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo. Mwishoni mwa Desemba huhamia kusini, nyuzi 73 hivi. Maana yake ukuta unaotazama kusini hautapata jua la moja kwa moja siku nzima ya Juni, hata ukingoje. Na mara mbili kwa mwaka, karibu na mwanzo wa Machi na kabla ya katikati ya Oktoba, jua hupita utosini: mwanga huteleza juu ya ukuta, kila kibanzi cha lipu hutoa kivuli kirefu kwenda chini, na jengo zima huonekana chakavu kuliko lilivyo. Siku hizo fanya kazi asubuhi na alasiri tu.

Mbele ya Kivukoni kwa jumla kunatazama bandari, upande wa kusini mashariki, kwa hiyo majengo yake hupata mwanga asubuhi. Kule Unguja, mbele ya Forodhani na Mizingani kunatazama kaskazini magharibi: asubuhi jua liko nyuma ya majengo na utapata vivuli vyeusi, alasiri huwaka. Ratiba inajipanga yenyewe. Kuanzia saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi piga Dar, panda boti ya kabla ya mchana, kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja jioni piga Forodhani. Kinacholinganishwa hapo ni kimo cha jua juu ya upeo; saa ya ukutani inaweza kutofautiana. Programu yoyote ya kuonyesha mwendo wa jua itakupa pembe: chagua nyuzi 25, kwa mfano, na uishike miji yote miwili.

Vichochoro vina sheria yao. Jua likiingia nusu ya ukuta, sehemu ya juu na ya chini hupishana stopu kadhaa na ni vigumu faili moja kubeba vyote kwa uzuri. Ngoja ukuta wote uwe kivulini. Chokaa ya ukuta wa pili huakisi mwanga laini ambao hakuna taa inayouiga, na ndio unaofaa kwa milango. Ukishindwa kungoja, piga fremu tatu zikipishana stopu mbili.

Jioni giza huingia upesi. Tangu jua kuzama hadi mbingu kufifia kabisa una dakika ishirini na kidogo, zinazofaa ni kama kumi. Jengo moja kwa jioni moja. Kwa jozi ya jioni hesabu dakika tangu jua kuzama, kwa mfano dakika 15 katika kila mji.

Mlango

Milango inastahili maelezo ya pekee kwa sababu kila mtu huipiga na wengi huipiga vibaya. Wanakaribia, wanachukua msumari wa shaba au ua moja, na mlango unakuwa pambo. Kwa kulinganisha unataka mlango mzima: kizingiti, miimo miwili, mbao zote mbili, mfaa (ule mti wima wa katikati), na baraza kama ipo. Simama sawasawa mbele ya mfaa. Ukipotoka sentimita 20 kushoto, mwimo mmoja huonekana mnene kuliko mwenzake. Angalia kizingiti cha juu: cha mstari ulionyooka ni mtindo wa Kiarabu wa zamani zaidi, chenye tao juu ni wa baadaye wenye athari ya Kihindi. Pima upana wa mlango na uandike.

Huko Dar piga lango la ofisi kwa umbali uleule. Utapata kioo kinachokuakisi wewe na stendi yako. Usikimbilie polaraiza, kichujio cha lenzi cha kupunguza mwakisi. Ikifuta mwakisi inafuta pia tabia ya jengo, maana jengo la vioo huvaa barabara iliyo mbele yake. Na kwa lenzi pana huacha doa la bluu nzito upande mmoja wa mbingu. Sogea hatua moja pembeni, rekebisha mstari baadaye.

Mlango ni wa mtu. Bisha hodi. "Hodi hodi, shikamoo mama. Naomba ruhusa nipige picha ya mlango wako, mimi na kamera hatutaingia ndani." Mara nyingi utakaribishwa barazani, na akikataa, ondoka kwa shukrani na uchague mwingine. Usipige watu waliokaa barazani kana kwamba ni sehemu ya nakshi. Wakati wa sala ya Ijumaa vichochoro hupungua watu na kazi huwa rahisi, lakini kaa mbali na milango ya misikiti. Dar jaribu Jumapili asubuhi mapema, magari yakiwa machache.

Yanayokatazwa na yanayoharibu

Bandari, gati la boti, Ikulu, kambi, vituo vya polisi: kamera iwe ndani ya begi. Kivukoni iko karibu na mengi ya haya, na stendi ya miguu mitatu humwita mlinzi kuliko kamera yenyewe. Uliza kwanza, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukiwa na kitambulisho na maelezo ya ukurasa mmoja. Droni isiruke bila vibali, bara na visiwani.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi lenzi hufunikwa na ukungu papo hapo. Usiifute: unapaka maji na chumvi. Kabla ya kutoka tia kamera kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, toka nayo, ngoja dakika 20 hadi 30, ndipo ufungue. Jioni futa mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kwani chumvi ya upepo wa kusi huingia kwenye maungio.

Nyaya za umeme, matangi ya maji, viyoyozi vilivyoning'inia, nguo kwenye kamba: usivifute kwenye kompyuta. Swali lilikuwa joto, na kiyoyozi kilichotobolewa ukutani mwa nyumba ya matumbawe ni jibu kamili kuliko nakshi.

Uhariri na mizani

Hariri jozi pamoja, kamwe usihariri mji mmoja ukamaliza. Fungua faili mbili, weka kijivu cha kadi zote mbili sawa, kisha nakili mipangilio ileile kwa zote. Nyoosha mistari ya wima kwa kiasi. Kamera ikiwa iliinamishwa zaidi ya nyuzi 20, kunyoosha kutavimbisha ghorofa za juu hadi jengo lionekane linakuangukia. Picha hiyo itupwe ipigwe upya.

Kisha mizani, yaani kuzipa picha zote mbili kipimo kimoja, hatua ambayo karibu kila mtu huiruka. Ulipima upana wa mlango. Tuseme ni mita 1.6 na kwenye faili una pikseli 960: hapo mita moja ni pikseli 600. Lango la Dar ni mita 3 na lina pikseli 1,500, yaani 500 kwa mita. Punguza la kwanza lifike 500. Ukiziweka ubavuni sasa, mlango ni mkubwa kwa kiasi kile ulivyo mkubwa kweli. Bila hatua hii picha mbili zilizojaza fremu sawasawa hudai milango ni sawa. Sawazisha pia mstari wa ardhi, uwe umbali uleule kutoka ukingo wa chini.

Maelezo chini ya kila picha yawe mafupi: mahali, tarehe, saa, lenzi, umbali, upana uliopimwa. Usitegemee GPS ndani ya Mji Mkongwe, kwani kuta huziba setilaiti na alama yaweza kupotea mita kumi au zaidi. Andika kwa lugha ya mtaa: "mlango wa tatu kushoto kutoka kisimani", na upige picha moja ya mahali miguu ya stendi iliposimama. Sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la mwaka 1883 pale Forodhani, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Picha iliyopigwa kabla ya siku hiyo, ikiwa na rula na umbali ulioandikwa, fundi anaweza kuipima mpaka leo. Hifadhi faili asili mahali pawili, moja pawe nje ya nyumba unayoishi.